Sumaku, Fundi Aliyeturudishia Herufi ya M

Tarehe 30 Juni, fundi wetu mkuu wa kompyuta atafunga mlango wa chumba namba nne na kukabidhi funguo, baada ya kuitumikia nyumba hii ya uchapaji wa vitabu vya nukta nundu kwa miaka thelathini na minne. Jina lake kamili limo kwenye faili la Utumishi na huko linatosha. Sisi tunamwita Sumaku. Hata mke wake, wifi yangu mpenzi, akipiga simu mapokezi huomba apewe Sumaku.

Mhariri wa jarida hili amenipa mimi kazi ya kumwandika kwa sababu tumekaa naye ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi, na kwa sababu, kwa maneno ya mhariri mwenyewe, nina mdomo. Haya. Mimi ni msomaji prufu, ninasoma kwa vidole na sioni, kwa hiyo mtanisamehe sitawaeleza mvi zake zimefika wapi. Ninachokijua ni mlio wake. Kiatu cha kushoto hukiburuta kidogo, funguo humpigapiga kiunoni, na mashine ikimkatalia hupuliza hewa kwenye meno kama anayepoza chai. Ikimkubalia, huimba. Anaimba vibaya sana, na tumemvumilia.

Alikuja hapa kijana mwembamba, fundi wa mashine za kupigia nukta, zile nzito ambazo ukiiangusha moja mguuni unakuwa mgeni wa hospitali kwa wiki nzima. Mwaka wake wa pili zikaja kompyuta, akapelekwa kusomea. Aliporudi hakulala mtu. Kila aliyepita koridoni alishikwa mkono akaelezwa jinsi herufi zinavyokaa ndani ya disketi. Tusidanganyane, Sumaku si mtu wa kujishusha. Akitengeneza kitu lazima ujue amekitengeneza, na ukisahau kumsifu atakukumbusha kwa upole kabla ya saa ya kwenda nyumbani.

Kwa walioajiriwa juzi na wanaohifadhi kazi zao hewani: disketi ni kipande cha plastiki laini cha duara, kama karatasi ya mviringo, kilichofichwa ndani ya mfuko au kasha. Maandishi yanakaa juu yake kwa nguvu ya usumaku. Ukiisogelea na sumaku nyingine, kitabu kimekwisha. Ndiyo asili ya lile jina. Chumbani kwa fundi wetu sumaku ilikuwa marufuku kuliko moto. Mikoba yenye vifungo vya sumaku iliachwa nje mlangoni kama viatu. Mhasibu mmoja aliyeingia na spika ya redio alitimuliwa mpaka ngazi za chini, na nasikia mpaka leo akipita namba nne huongeza mwendo.

Zaidi ya sumaku, alikuwa na sheria moja aliyoipenda kama mtoto wa mwisho. Disketi kubwa za zamani zina pengo dogo pembeni. Pengo likiwa wazi, mashine inaweza kuandika na kufuta. Ukiliziba kwa kipande cha tepu, mashine inaweza kusoma tu. Kwa hiyo Sumaku alibandika tangazo stoo, moja la wino na moja la nukta, likisema ziba kwanza. Akamkabidhi Mzee wa Stoo mabunda ya tepu nyeusi ya mafundi umeme. Na Mzee wa Stoo, Mungu amweke, alikuwa mtu ambaye ukimwambia ziba, anaziba.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nikiendelea na mikoba tutafika Juni tukiwa hapa.

Kabla yangu, kiti changu kilikaliwa na mama mmoja ambaye nyumba nzima ilimwita Mama Kamusi. Haoni tangu utotoni. Ndiye aliyenifundisha kazi, na kunifundisha maana yake ni kwamba alinirudishia kurasa mpaka nikalia. Kwa miaka mingi, akisomewa na mwenzake mwenye macho, Mama aliipiga kwa nukta kamusi nzima ya Kiswahili, neno baada ya neno, ikaingia kwenye disketi. Ilikuwa kamusi ya kwanza ya kiasi kile kwa wasomaji wasioona. Walipoifikisha mwisho aliagiza soda kwa ofisi nzima.

Haikuchapwa. Mashine kubwa ya kuchapa nukta ilikufa mwezi uleule, kiwanda kilichoitengeneza nacho kikafungwa, na ilipokuja kupatikana mashine nyingine miaka ilikuwa imekwenda. Hiyo mpya ilisikiliza kompyuta mpya tu. Kompyuta mpya, ukiipa disketi za Mama, ilikuwa inaona hamna kitu. Zilikuwa zimeandikwa kwa mpangilio wa mashine ya zamani ambao hakuna aliyebaki anaujua. Kamusi ikakaa kabatini, na Mama akastaafu bila kuigusa. Kila sikukuu alipopiga simu kutusalimia, alimalizia kwa kuuliza imefikia wapi. Wakurugenzi waliokuja na kuondoka walimjibu kwamba suala lake linashughulikiwa.

Miaka minane iliyopita simu ikaja tofauti. Kisukari kilikuwa kimeanza kumla Mama hisia za vidole. Mkono wa kulia wote ulikuwa umeshakufa ganzi, asome nini nao. Alikuwa amehamia kidole cha shahada cha kushoto, kimoja tu, na daktari hakumficha kwamba nacho kiko njiani. Hakulalamika. Aliuliza tu kama atawahi kuisoma kamusi yake au tumwambie ukweli aache kuuliza. Aliyepokea simu siku hiyo alikuwa Sumaku. Bila kushauriana na mtu yeyote, wala kuangalia kama jambo lenyewe linawezekana, akamwahidi kwamba ataisoma kwa kidole hichohicho.

Nilimsikia kupitia ukutani. Alipokata simu alipuliza meno kwa muda mrefu.

Ndipo ikaanza kazi ambayo kila anayemjua Sumaku lazima amesimuliwa, na kila mara disketi zinaongezeka ukungu. Kweli ukungu ulikuwepo. Alikuwa anakata mfuko, anaitoa ile karatasi ya duara, anaiosha kwa maji na sabuni kidogo kama anayemwogesha kichanga, anaikausha, kisha anaivisha mfuko mwingine. Kisoma disketi alikipata kwa wauza vyuma chakavu, ndani ya kompyuta iliyokuwa inaegemeza mlango. Akatengeneza kibao cha kuunganisha ule uzee na kompyuta ya leo. Hakuiuliza kompyuta inaona mafaili gani, kwa sababu ingemjibu hakuna. Aliiambia inakili kila alama ya usumaku kama ilivyo, duara kwa duara, na maana yake ataitafuta yeye. Baada ya wiki kadhaa za kupuliza, asubuhi moja nikasikia wimbo. Herufi A ilikuwa imetoka.

Zikafuata B, Ch, D. Tukazoea. Zikapita G na K, ambayo ni kubwa na ina maneno mengi ya kero. Zikabaki chache, miongoni mwake M.

Yeyote anayeijua lugha yetu anajua M ni nani. Watu wote wako mle, na miti, na nusu ya vitu vya nyumbani. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba Mama alipoimaliza haikutosha kwenye disketi kubwa, ikahamishiwa kwenye moja ya zile ndogo ngumu zilizokuwa ndiyo kwanza zimeingia. Na hapa ndipo penye balaa. Disketi ndogo ni kinyume cha kubwa. Ina kitundu pembeni, na kitundu kikiwa wazi ndipo iko salama. Kikizibwa, mashine ina ruhusa ya kuandika na kufuta. Sumaku alilijua hilo vizuri kabisa. Lakini tangazo lake lilibandikwa kabla disketi ndogo hazijaja, na hakuwahi kulibadilisha. Mzee wa Stoo aliiona disketi ya M, akaona tundu, akaliziba. Tena aliliziba mara mbili, kwa sababu ilikuwa herufi kubwa.

Siku ya M chumba kilijaa. Mkurugenzi wa wakati ule alikuja kushuhudia. Naye amealikwa kwenye hafla yetu ya kumuaga Sumaku na ameniruhusu niseme, mradi niseme kwa mapenzi. Kwa mapenzi basi: alikuwa mtu anayeamini kwamba kompyuta ikikuuliza swali, heshima ni kuitikia ndiyo. Sumaku aliipapasa disketi, kidole chake kikaikuta tepu, na mkono uliozoea miaka yote kwamba tepu ni usalama ukaridhika. Akaichomeka kwenye kisoma disketi kidogo cha kisasa, akaenda kabatini kufuata waya. Kompyuta ikauliza, kwa adabu zake zote, kwamba disketi hii haijaandaliwa kutumika, je, iiandae sasa? Mkurugenzi akaitikia.

Mimi nilikuwa mlangoni. Disketi inaposomwa hukwaruza ovyo, inakwenda na kurudi kama mtu aliyepoteza ufunguo. Inapoandaliwa upya, maana yake inafutwa, hupiga hatua moja moja, sawasawa, tk, tk, tk. Nilikaa na mlio ule ujana wangu wote. Nikapiga yowe. Sumaku hakuuliza ni nini. Aliuchomoa waya wa umeme kwa nguvu mpaka kompyuta ikaserereka mezani. Kisha tukamsikia anaibandua tepu kwenye kile kitundu, kipande cha kwanza, halafu cha pili.

Ninamsifu sana ndugu yangu huyu kwa ufundi, ila siku hiyo nilimheshimu kwa jambo jingine. Hakumgeukia Mkurugenzi. Mzee wa Stoo naye hakumgusa. Alisema sheria ni yake na kosa ni lake, akavaa koti, akaenda mwenyewe nyumbani kwa Mama Kamusi kumwambia kwamba huenda ameifuta M. Nilimsindikiza, nikidhani itabidi nimshike mmoja wao. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia yeye kazi yake ilikuwa kuiandika, na aliiandika; kuitafuta ni kazi ya Sumaku, kwa hiyo anakaa hapa kufanya nini. Akatupa chai tuinywe haraka.

Sumaku alirudi kazini mtu mwingine. Hakuimba. Mikoba ya sumaku ilipita mlangoni pake asiseme kitu, na hilo lilitutisha kuliko yote. Ila mikono haikusimama. Ile hatua ya tk tk ilikuwa imefika mbali kidogo tu kabla ya waya kuchomoka. Iliyoliwa ni sehemu ya mwanzo: orodha inayoiambia mashine kipi kiko wapi, na maneno ya kwanza kabisa ya M. Kwa pigo moja tulikuwa tumepoteza maadili, maandishi na maarifa, ingawa kwa haki niseme maafa nayo yalifutika. Hayo machache tungeweza kuyapiga upya kutoka kwenye kitabu cha wino. Yaliyobaki yalikuwa bado yako pale, lakini yamevunjika vipande na vipande havina mpangilio, kwa sababu Mama alikuwa mtu wa kusahihisha, na kila alipofuta na kuongeza, mashine ya zamani ilitupia nyongeza popote penye nafasi.

Kwenye kioo cha kompyuta, nasikia, vipande vile vilikuwa uchafu mtupu: mabano, nyota, alama za kuuliza. Watu wenye macho mazuri walivitazama wakasema hakuna kitu. Sumaku akawa na wazo moja, na wazo hilo ndilo lililomrudishia sauti. Nukta zile hazikuandikwa kwa ajili ya macho. Akakipeleka kila kipande kama kilivyo kwenye mashine ya kuchapa, kikatoka kwenye karatasi, akatuletea sisi wasomaji prufu. Nikaweka kidole kwenye cha kwanza. Kilianzia katikati ya sentensi, na chini yake likaja neno zima, safi, kila nukta imesimama: mlango.

Nilisema mlango kwa sauti. Chumba namba nne kikajibu kwa wimbo, vibaya kuliko siku zote.

Kamusi ina wema wake, inajipanga yenyewe. Ukijua kipande hiki kina mlango na kile kina mlima, unajua nani anatangulia. Tuliitandaza M kwenye meza ndefu ya chumba cha mikutano, tukawa tunapita tukisoma vichwa vya vipande na kuita, wa huku, wa kule, mwenye mbuzi nani, mwenye mchanga nani. Mikutano yote ilihamia ghorofani. Mzee wa Stoo alituletea chai, akawa anasimama nyuma ya viti kusikia jinsi M inavyorudi, na kila neno tulilolitaja aliitikia eeh. Sumaku naye alitaka kupanga. Kusoma nukta anajua, ila anasoma kwa macho, akiinamisha karatasi kwenye taa kama anayekagua yai. Tulimkataza. Siku moja tulipokwenda kula akajipenyeza akapanga mwenyewe.

Juzuu za M zilichapwa, zikafungwa, tukazipeleka kwa Mama. Alikaa kitini mwake, akafunguliwa juzuu mapajani, akaweka kile kidole cha kushoto juu ya mstari. Kilikuwa kinakwenda polepole, kinarudi, kinakwenda. Nilimsikia Sumaku amesimama nyuma yangu hapumui. Nilijua anachokiogopa kwa sababu nami nilikiogopa: kwamba tumechelewa, na kwamba Mama, kwa wema wake, anajifanya anasoma.

Akageuza ukurasa. Mwingine. Kidole kikasimama, kikarudi juu, kikashuka tena. Halafu ile sauti iliyoniliza miaka yote ikauliza ni nani huyo mwenye akili timamu aliyeweka mkeka mbele ya mkate.

Kipande kimoja kilikuwa kimepita chenzake. Ndicho alichokipanga Sumaku sisi tukiwa tunakula. Mama alikuwa ameligundua kosa kwa kidole kimoja kilichobaki, na alikuwa amekasirika kikweli, na ilikuwa furaha kubwa kuliko zote nilizowahi kuzipata katika kazi hii. Sumaku alikiri palepale, huku analia na kucheka kwa pamoja, anaomba msamaha na kusema asante Mama, asante Mama, mpaka Mama akauliza huyu ana nini.

Alizisoma juzuu zake zote, kuanzia A. Alitutumia makosa mengine, mengi yakiwa yake mwenyewe, na tuliyasahihisha. Mwaka uliofuata kidole kile nacho kikafa ganzi. Sasa husomewa na mjukuu wake, na hata hivyo humkatiza kumsahihisha. Kamusi iko shuleni. Nasikia juzuu za M zimeshaanza kuchakaa, nukta zinalala kwa kupapaswa mno, na mashine inatoa nyingine bila tatizo lolote, kwa sababu Sumaku aliihifadhi M mahali pengi kiasi kwamba naamini imo hata kwenye simu ya wifi yangu.

Tangu wakati ule amezisoma disketi za taasisi nyingine zilizosikia sifa zake, nyingi akizitangaza mwenyewe. Anaacha chumba chenye kila kisoma disketi kikifanya kazi, na maelekezo yaliyoandikwa kwa wino na kwa nukta. Tangazo la stoo limebadilishwa. Sasa linasema ziba kubwa, fungua ndogo, na chini yake Mzee wa Stoo, kabla hajastaafu, aliomba iongezwe kwamba kompyuta ikiuliza, mwite Sumaku.

Hapo ndipo tutakwama, maana itauliza na Sumaku hatakuwepo. Atakuwa nyumbani akimzibia wifi njia jikoni, akiwaeleza wajukuu habari za ukungu. Nitaukosa mlio wa kiatu kile. Nitaukosa hata wimbo, na hilo sikutegemea kuliandika mahali popote.

Mama Kamusi atakuwepo siku ya hafla, kiti cha mbele, na ametuma ujumbe kwamba atazisikiliza hotuba zote kwa makini. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa kalamu na wa nukta, asante, ndugu yetu. Katika juzuu ya kwanza ya M, kurasa chache baada ya ile sehemu iliyoliwa, kuna neno maisha. Lilikuwa kwenye kipande kilichochanika vibaya, na wewe ndiye uliyelitoa. Leo tunakurudishia hilo hilo. Yawe mema, Sumaku, na yawe marefu.